Mistari Kumi ya Mwisho ya Daftari la Tatu

Ijumaa, saa mbili asubuhi

Dada yangu Mizani,

Shikamoo.

Mistari kumi ya mwisho katika daftari la tatu haikukosewa, ilibuniwa. Hayo aliyasema Mhadhiri jana, Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mezani kwa baba. Baba alikuwa ameketi mbele yake, mimi nimesimama dirishani. Daftari la tatu ni lako. Jina lako liko kwenye jalada, kwa mwandiko wa baba mwenyewe.

Najua barua ya ndugu haianzi hivyo. Pokea basi salamu, ingawa zimechelewa mlangoni. Natumaini hujambo, na shemeji goti limeacha kumsumbua, na wapwa zangu wanasoma vizuri. Sisi huku wazima. Presha ya baba Jumanne jioni ilikuwa 160 kwa 95, leo asubuhi ni 150 kwa 90. Nimeiandika kwenye kile kijitabu ulichomwachia. Vidonge nimevihesabu, anameza kama ulivyoagiza. Anakula nusu sahani. Haongei sana, lakini hilo wewe na mimi tumelizoea.

Nimekupigia simu mara nne Jumatano na mara mbili jana. Umenijibu kwa ujumbe wa maneno mawili, kwamba upo kazini. Sikulaumu. Ila nimeona niandike, kwa sababu simu husikika na kupotea, na mimi nataka ubaki na karatasi yenye sahihi yangu, uitumie utakavyo. Naomba kitu kimoja tu: isome yote kabla hujampigia mtu yeyote simu, hasa baba.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana wewe ulisikia kipande cha Jumatano tu.

Jumatatu, saa tisa alasiri, Mhadhiri alikuja ofisini kwetu. Unamkumbuka: alikuwa mwanafunzi wa baba, yule mwembamba waliyemwita Robo kwa kuwa wenzake walipomaliza zoezi yeye alikuwa amefika robo. Sasa anafundisha hisabati chuo cha ualimu, na Robo ameota kitambi. Ndiye aliyepeleka wazo kwa mkuu wa chuo kwamba namba tasa ya baba ichongwe kwenye jiwe la mlangoni mwa chumba kipya cha hisabati. Jiwe limekwisha kuchongwa. Sherehe ilikuwa iwe Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, na baba alikuwa azungumze dakika kumi. Amekuwa akizifanyia mazoezi mbele ya kabati la vyombo tangu mwezi uliopita.

Mhadhiri hakukaa. Alifunga mlango wa chumba cha habari, jambo ambalo kwetu halifanywi, na mpiga picha wetu akauliza kwa sauti kama tunafumaniwa. Mpiga picha alipotoka, Mhadhiri alinionyesha karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alisema alikuwa anaandaa maelezo mafupi ya kuwaonyesha wageni kwa nini namba ya baba ni ngumu kuvunja. Alitaka kuanza na njia ya zamani. Unatafuta namba ya kwanza ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yako, kisha unatoa namba yako. Ikiwa kinachobaki nacho ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe, basi namba yako imevunjika kuwa mbili ndogo zinazozidishana; isipokuwa, unapanda moja na kujaribu tena. Kwa kawaida, alisema, mtu huhangaika hatua mia, hatua elfu, na ugumu huo ndio aliotaka wageni wauone.

Alianza na 10,005. Aliizidisha kwa yenyewe, akapata 100,100,025. Akatoa namba ya baba, 100,099,001. Ikabaki 1,024, ambayo ni 32 mara 32.

Hatua ya kwanza, Dada. Alisema alirudia mara nne akidhani amechoka. Ukitoa 32 kwenye 10,005 unapata 9,973. Ukiongeza 32 unapata 10,037. Zidisha hizo mbili na unapata namba ya baba, bila kupungua wala kuzidi moja. Namba tuliyoambiwa miaka yote ni tasa, kwamba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, imevunjika vipande viwili kwenye mstari mmoja wa hesabu. Nilimuuliza kama amehakikisha kwa mashine. Alisema mashine ilitumia muda mfupi kuliko kupepesa kope.

Nilimuuliza pia nani mwingine anajua. Alisema ni mkuu wa chuo, na fundi wa mawe, ambaye ilibidi aambiwe asimamishe kupaka rangi tarakimu. Fundi aliuliza kama akiongeza tarakimu moja mwishoni itakuwa tasa, maana nafasi ipo. Mhadhiri aliniambia hilo bila kucheka, nami sikucheka.

Nikamwambia twende kwa baba kesho yake. Angeweza kwenda mwenyewe, lakini mtu huyu ana miaka hamsini na bado anamwogopa mwalimu wake.

Jumanne, saa nne asubuhi, tulimkuta baba sebuleni na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimuuliza Mhadhiri kama amekuja kuchukua hotuba au bado anahesabu kwa vidole. Mhadhiri akasema shikamoo mwalimu, kisha akaweka karatasi mezani. Baba hakuisoma. Aliigeuza upande mtupu, akaomba penseli, akamwambia ataje namba tu, maneno akae nayo. Mhadhiri akataja 10,005.

Baba alizidisha kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine, jinsi alivyotufundisha, akiandika vidogo juu vile anavyobeba. Alitoa. Alipofika 1,024 penseli ilisimama. Hakuhitaji kuambiwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, thelathini na mbili. Akaandika 9,973 upande wa kushoto na 10,037 upande wa kulia, akachora duara kwenye ya kushoto. Kisha alisema ni mlango wa mwisho.

Unajua alichomaanisha, lakini nitakiandika, kwa kuwa karatasi hii huenda ikasomwa na wengine. Miaka ishirini na sita iliyopita, likizo ile iliyofuata msiba wa mama, baba alikaa siku kumi na moja bila kusema nasi zaidi ya kula na kulala. Siku ya kumi na mbili alitoka chumbani na kile kitabu chake cha majedwali. Nyuma yake kulikuwa na orodha ya namba tasa zote hadi 9,973, jumla 1,229, naye aliziita milango. Alitueleza kwamba tasa inayofuata ni 10,007, kwa hiyo kitabu kile kinaweza kuhukumu namba yoyote iliyo chini ya 10,007 mara 10,007. Namba ikipita mbele ya zote 1,229 na kila moja ikaacha baki, basi ni tasa, hakuna rufaa. Alitaka namba iliyo karibu na kikomo cha uwezo wa kitabu. Akachagua mia moja, sifuri tisini na tisa, sifuri sifuri moja. Alisema ni rahisi kuitamka ubaoni. Na aliipenda zaidi alipoigawa kwa tatu ikabaki mbili, kwa saba ikabaki mbili, kwa tisa mbili, kwa kumi na moja mbili, kwa kumi na tatu mbili. Alituangalia wewe na mimi akasema hata yeye amebaki na wawili. Hiyo ndiyo mara pekee nilipomsikia akigusa habari ya mama mwaka ule.

Akagawa kazi. Alijipa 409 za mwanzo, akidai macho yake hayataki tarakimu nyingi, nawe ukamwambia anajipendelea. Mimi nikapewa 410 za katikati, wewe 410 za mwisho. Kila mtu na daftari lake. Sheria ilikuwa moja: hakuna kugusa daftari la mwenzako. Kila mstari unaandika namba unayogawia, jibu na baki, kisha unaupitisha kwenye kipimo cha tisa: unajumlisha tarakimu za kila kimoja hadi ibaki moja, na ukizidisha hizo ndogo mbili za kwanza ukaongeza ya baki, lazima zilete mbili, kwa kuwa namba yenyewe tarakimu zake zinaleta ishirini, na ishirini huleta mbili. Mstari uliopita kipimo cha tisa baba aliutia alama ya kalamu nyekundu. Jioni tulikuwa tunataniana nani ana alama nyingi. Ilikuwa likizo nzuri, sijui niseme nini zaidi. Tulikuwa tunaongea tena.

Turudi Jumanne. Baba aliniambia nilete madaftari. Yapo chini ya kitanda chake kwenye lile sanduku la bati, yamefungwa kwa kamba ya viatu. Sikufungua kamba, nilileta sanduku zima. Alichukua la tatu, akaenda ukurasa wa mwisho, akashuka na kidole hadi mstari wa chini kabisa. Umeandikwa 9,973, jibu 10,036, baki 4,114. Alama nyekundu ipo. Alipitisha kipimo cha tisa kichwani na kikapita. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka ishirini na sita, akazidisha namba zenyewe, 9,973 kwa 10,036, akaongeza baki. Jumla haikuwa namba yake.

Alisema jina lako la utani mara moja, Mizani, kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa.

Nilimwambia kosa moja ndani ya mistari elfu moja na ushei ni la kibinadamu. Aliafiki. Alisema kosa analijua, amesahihisha makosa miaka thelathini na minne. Mhadhiri akaomba kuondoka na daftari ili apitie ukurasa wote. Baba akampa.

Jumatano saa sita mchana ndipo baba alipokupigia, na simu ilikuwa kwenye spika. Nilikuwepo. Nilipaswa kukuambia kwamba nipo, sikusema. Alikuuliza kama unakumbuka ukurasa wa mwisho. Ulinyamaza. Mimi huhesabu ukimya wa watu, ni kazi yangu: sekunde tisa. Kisha ukasema daftari ni lako, jina ni lako, kwa hiyo kilichomo ni chako, na kwamba una wagonjwa kumi na wawili dirishani wanasubiri dawa. Baba akakata simu. Aliniambia angalau hukubisha.

Jana ndipo ikaja habari niliyoanza nayo. Mhadhiri alikuwa ameigawa upya mistari yote 32 ya ukurasa wako wa mwisho, kutoka 9,719 hadi 9,973. Ishirini na miwili ya juu ni sahihi, jibu na baki, kila tarakimu. Kumi ya chini, kuanzia 9,887, yote si sahihi. Na yote kumi inapita kipimo cha tisa.

Baba aliuliza maana yake nini, ingawa nadhani alijua. Mhadhiri alieleza huku akitazama meza. Mtu akikosea kugawa, kipimo cha tisa kinaweza kumpitisha kwa bahati, kama mara moja katika tisa. Kukosea mara kumi mfululizo na kupita mara kumi mfululizo ni bahati ya mara moja katika 3,486,784,401. Hakuna bahati ya namna hiyo. Aliyeandika mistari ile hakugawa kabisa. Alibuni jibu, kisha akatafuta baki ya kuiridhisha kalamu nyekundu. Aliongeza kwamba mtu huyo alikuwa na akili nzuri, tena mwenye haraka: mstari wa mwisho una jibu shufwa na baki shufwa, na jumla yake lazima iwe shufwa, wakati namba ya baba inaishia na moja. Mwanafunzi wa darasa la nne angeliona. Kipimo cha tisa hakilioni, nasi hatukuwa na kipimo kingine.

Baba alisema, basi si kosa, ni kughushi. Akaomba karatasi safi.

Hapa ndipo nilipo, Dada, na hii ndiyo sababu ya barua kuja kwa haraka. Jarida la chuo linakwenda kuchapwa Jumatatu saa sita mchana. Linasambazwa shule zote ambako wanafunzi wa baba wanafundisha, na nakala huenda ofisi za serikali, hospitali yenu ikiwemo. Baba ameandika barua ya kuchapwa humo. Ni fupi. Inasema namba iliyotangazwa kwa jina lake si tasa. Inasema kosa halikutokana na njia bali na mtu. Inasema, naandika alivyoandika, “mistari kumi ya mwisho ilighushiwa na binti yangu mkubwa, ambaye leo ni mfamasia mkuu wa hospitali.” Kisha anawaomba radhi wanafunzi wake wote.

Nilimwambia cheo chako hakihusiani. Alinijibu kwamba kinahusiana kuliko chochote, kwa kuwa mtu anayepima dawa za watu kwa miligramu ndiye aliyekuwa akimwamini kuliko wote, na kama aliweza kuandika baki ya uongo nyumbani kwao, wenye kumeza dawa zake wana haki ya kujua. Nilimwambia ulikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Alisema yeye kwa umri huo alikuwa na darasa. Nikamwambia atakupoteza. Akaniita kwa jina langu la utani: Redio, leo umekuwa wakili?

Halafu alifanya jambo lililonikosesha usingizi kuliko yote. Alifungua daftari la pili, langu, akapitia kurasa nne alizozichagua bila mpangilio, akagawa mistari sita kwa mkono. Yote sahihi. Akanigonga begani akasema langu limepita, na kwamba alikosea kutuita majina: wewe ndiye ungeitwa Redio, wa maneno tu, na mimi Mizani, wa kupima. Akanikabidhi barua yake nirekebishe mikato na niifikishe chuoni, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa magazeti. Iko kwenye mkoba wangu sasa hivi. Sikuirekebisha kitu. Haina kosa la mkato.

Mhadhiri alinifuata nje. Aliniuliza uso kwa uso kama nina hakika nani alikaa na ukurasa ule. Nilimjibu kwamba kwa sasa sina la kusema. Ni jibu ambalo nimelidhihaki maisha yangu yote wakinipa wakubwa wa ofisi.

Sasa nalisema kwako kwanza.

Wewe hukuwa nyumbani. Wiki ile ya mwisho baba alikuwa amekwenda kusahihisha mitihani kwa siku tatu, na wewe siku ya Alhamisi alfajiri ulikwenda kwenye usaili wa chuo cha famasia, kwa siri, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kukuandikia maombi ya kusomea hisabati. Ulikuwa umefika 9,697. Zilibaki 32. Ulinipa daftari lako ukaniambia nikumalizie, baba akirudi Ijumaa akute madaftari yamefungwa, asiulize ulikuwa wapi. Nilikuwa na miaka ishirini, nikisubiri kuanza mafunzo gazetini. Nikakuambia usiwe na wasiwasi.

Niligawa ishirini na mbili kwa uaminifu. Ilinichukua karibu saa tatu. Saa tisa na nusu alasiri nilikuwa nimefika 9,883. Mechi ilikuwa inaanza saa kumi kwenye televisheni ya jirani. Sina sababu kubwa zaidi ya hiyo, nimeitafuta siku nne hizi na haipo. Sikuwa nimemkasirikia baba. Sikuwa naumwa. Nilichoka, nilitaka kutazama mpira, na baada ya namba zaidi ya elfu moja mia mbili kuacha baki sikuona kwa nini kumi za mwisho zifanye ukaidi. Nilibuni majibu, nikachagua baki za kupita kipimo cha tisa. Dakika kumi na tano. Ningegawa ile ya mwisho kwa mkono ningepata 10,037 na sifuri, na ningekuwa mtu wa kwanza kujua kwamba namba ya baba si tasa. Baba angeng'aka siku moja, kisha angechagua namba nyingine, na tungeanza upya. Nadhani asingechukia hata kidogo kuanza upya.

Uliporudi Ijumaa asubuhi uliniuliza kama nimezigawa zote. Nilisema zote. Ulinipa kalamu uliyoninunulia njiani. Nikaitumia kuandikia habari yangu ya kwanza gazetini.

Kwa hiyo Jumatano, katika zile sekunde tisa, ulijua nani alimaliza ukurasa ule. Usichokijua ni jinsi nilivyoumaliza. Ulidhani mdogo wako alikosea kugawa, ukaona ubebe kosa lake. Sasa unajua si kosa. Huna tena sababu ya kulibeba, na hata ungekuwa nayo, nakukatalia.

Lipo na la pili, niliseme humu humu nisije nikaligawa mafungu. Miaka sita iliyopita nilipoandika ukurasa mzima kuhusu baba, niliandika kwamba namba hiyo ni tasa “iliyothibitishwa”. Mwandishi mwenzangu akileta neno hilo mezani kwangu namuuliza nani amethibitisha. Mimi sikujiuliza. Si kwamba nilisahau. Siku ile niliandika namba ya baba kwenye kompyuta ya ofisini ili iikague, tarakimu zote tisa, mkono ukiwa juu ya kitufe. Nikaifuta. Habari ikatoka, Mhadhiri akaikata gazetini akaihifadhi, na kutoka kwenye habari hiyo ndipo likaja wazo la jiwe. Kwa hiyo jiwe nalo nimelichonga mimi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitauomba nikiwa mbele yako, ukitaka kuniona. Nakuomba tu usimpigie baba leo kumwambia kabla yangu, wala usimwambie kwamba wewe ulijua. Kuhusu usaili, hilo ni lako. Nitalazimika kusema hukuwepo nyumbani siku ile. Ulikuwa wapi, akiuliza, nitamwambia akuulize wewe. Natumaini kwa miaka yote hii hasira yake ya hisabati na famasia imekwisha kupoa. Huwa anawaambia majirani binti yake ndiye anayempangia dawa, tena anawaambia bila kuulizwa.

Nimeongea na daktari wake wa zahanati kuhusu presha. Amesema aambiwe asubuhi, akiwa amekula na amemeza dawa, na pawepo mtu wa tatu. Mhadhiri amekubali kuwepo. Sijamwambia sababu, lakini aliponiitikia hakushangaa.

Nisalimie shemeji sana, mwambie ile habari ya maji ya mtaa wenu imetoka ukurasa wa tano. Wape wapwa zangu salamu zao, mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie mjomba bado anadaiwa mchezo wa bao na hajakimbia. Barua hii nampa dereva wa basi la saa sita, ninayemjua, ataiacha kwenye dirisha la dawa mkononi mwako na si kwa mwingine. Ukiipokea usijibu kama hutaki.

Ratiba ni hii. Kesho Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mezani kwa baba, nitamrudishia barua yake na kumwambia niliyokuandikia. Kisha nitaomba penseli na kugawa mistari yote kumi mbele yake, kuanzia 9,887, hata akinifukuza katikati. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kwa mhariri wa jarida la chuo na maelezo yenye jina langu. Jumanne sahihisho litatoka kwenye gazeti letu, ukurasa wa pili, juu kushoto. Nimekwisha kuliandika, lina maneno sitini na mawili, na jina lako halimo.

Ni mimi mdogo wako,

Redio